Barua ya wazi kwa wazazi vijana: kumwachisha mtoto chuchu bandia

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaolea watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ambao chuchu bandia haiwatoki mdomoni. Msione haya kwamba mliwapa. Kunyonya humtuliza mtoto, na kwa mtoto mchanga anayelala na chuchu hiyo, hatari ya kifo cha ghafla usingizini huonekana kupungua. Lakini baada ya umri wa miezi 6 huongeza uwezekano wa maambukizi ya masikio. Mtoto akiendelea nayo kupita miaka 3, meno ya mbele husogea: mtoto akifunga meno, unabaki mwanya ambao ncha ya ulimi inapenya. Akiacha mapema, mara nyingi mwanya huo hujifunga wenyewe.

Msianze wiki ambayo ana homa, amepata mdogo wake au mmehama nyumba.

Msiinyakue. Kwanza iwe ya kitandani tu. Akiamka, aiweke mwenyewe kwenye kibakuli kando ya kitanda, kwa mkono wake, ndipo atoke. Akizoea hivyo kwa siku 4 au 5, ondoeni ya usingizi wa mchana, kisha ya usiku. Aliyefika miaka 2 anaelewa maneno, basi mwambieni siku 2 au 3 kabla.

Usiku wa kwanza hadi wa tatu ndio mzito. Atapapasa godoro, atakaa, atalia. Mpakateni, mpigepigeni mgongoni taratibu, mwimbieni wimbo ule ule kila usiku. Kinachoharibu kazi ni kumkatalia saa nzima, kisha saa nane usiku mkachoka mkampa. Hapo amejua kwamba kilio cha saa nzima hulipa, na kesho atalia zaidi. Mkiona hamna nguvu, heri mmpe mapema, mpumzike, mje muanze tena baada ya wiki 2. Na wote wanaomlea wakubaliane, bibi na anayeshinda naye mchana wakiwemo.

Nawasihi, msipake pilipili wala shubiri. Mnamuumiza mtoto aliyekuwa anatafuta faraja. Msichovye kwenye sukari, itaozesha meno. Asali kwa aliye chini ya mwaka mmoja ni hatari kabisa, kwani inaweza kubeba vimelea vya sumu inayolegeza misuli hadi pumzi. Wapo wanaoikata ncha ili isinyonyeke vizuri: mpira uliokatwa humeguka, na kipande kikiingia kooni humkaba. Iliyopasuka itupeni siku hiyo hiyo, na kamwe msiifunge kwa kamba shingoni.

Akigeukia kidole gumba, msimgombeze. Mpeni cha kushika. Akifika miaka 4 bado ananyonya, mpelekeni kwa daktari wa meno.

Kabla ya usiku ule wa kwanza, pekueni nyumba: chini ya godoro, mfuko wa koti, mkoba wa nepi. Akiiokota moja usiku wa nne, mtaanza upya.