Kwa Salma, kuhusu wachoraji wa London na bei yao

Salma mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote hapa nyumbani. Barua yako nimeisoma, nikairudia. Huyo mheshimiwa anayetaka akulipe kila mwezi uchore wapinzani wake tu, yeye umpitie mbali, hajaanzisha jambo jipya. Liliwakuta wachora katuni hodari wa London enzi za wafalme walioitwa George.

Mkubwa wao ni James Gillray. Aliishi juu ya duka la Hannah Humphrey, mtaa wa St James's, na mama huyo ndiye aliyemchapia na kumuuzia. Asiye na shilingi ya kununua alisimama dirishani akatazama bure. Mwaka 1791 Gillray alimchora Waziri Mkuu William Pitt kama uyoga uliomea juu ya samadi, mizizi yake imejisokota mfano wa taji. Machi 1797, Benki Kuu yao ilipoacha kubadilisha noti kwa dhahabu, alimchora tena: tumbo limejaa sarafu, mdomoni anatapika makaratasi.

Mwaka huohuo wa 1797, serikali ya Pitt ikaanza kumlipa Gillray pauni 200 kwa mwaka, kimyakimya. Malipo yalikoma 1801 Pitt alipong'oka. Katika miaka hiyo kipigo kikubwa kiliwaangukia Charles James Fox na wenzake wa upinzani. Gillray alikuwa akimchora Fox tangu zamani, lakini sasa mizani ilikuwa imeshikwa na mtu. Na michoro yenyewe ni mizuri mno, Salma! Hapo ndipo panaponiuma. Ukiitazama huoni popote kwamba imelipiwa.

Itafute ile ya Februari 1805, ipo kwenye tovuti ya British Museum. Dunia ni pudini inayofuka moshi mezani. Pitt, mrefu na mwembamba kama ufito, amechoma uma wenye meno matatu baharini na anajikatia bahari. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, kijitu kifupi chini ya kofia kubwa ya manyoya, kainuka kitini ndipo aifikie sahani, na kwa upanga anamega Ulaya. Wote wawili macho yamewatoka kwa uroho. Hapo Gillray hapendelei mtu, na ndiyo maana mchoro huo unaigwa na wachora katuni mpaka leo.

Kumbuka pia kazi ilivyokuwa ngumu. Bamba la shaba linapakwa nta, unachora kwa sindano, kisha tindikali inaila shaba pale nta ilipokwanguliwa. Maandishi yote unayaandika kinyumenyume ili karatasi iyatoe sawa. Rangi ilipakwa kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Mtu aliyejitesa hivyo kwa ajili ya kazi yake, kumnunua kwa pauni 200 ni kumdhulumu.

Mwaka 1820 ikawa zamu ya George Cruikshank. Mfalme George wa Nne alikuwa akimpeleka mkewe Caroline mbele ya Bunge ili waachane, na mji mzima ukimcheka mfalme. Cruikshank akapewa pauni 100 kwa ahadi ya kutomchora mfalme katika hali ya aibu. Akazichukua, na mwaka huohuo akachora vijitabu vya mchapishaji William Hone vya kumtetea malkia, mfalme kitambi mbele. Hilo nalo silipendi. Ahadi ni deni, hata ukiahidi mtu mbaya.

Najua kodi ya nyumba inakusubiri na gazeti linachelewesha malipo. Ila ukiniuliza mimi, mkatalie, na umkatalie kwa maandishi. Ukikwama mwezi huu niambie, tutaangalia tunavyoweza kusaidiana. Na ule mchoro wa mheshimiwa akikagua barabara, uliosema umeuficha kabatini, nipigie picha unitumie.

Wasalimie mama na wadogo zako.

Wako,
Zainabu