Risala ya Wazazi na Walezi wa Madarasa ya Chini kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Wajumbe wa Kamati ya Shule,
Wazazi na walezi wenzetu,
Watoto wetu wapendwa,

Kwa niaba ya wazazi na walezi wa watoto wa darasa la awali hadi la tatu, tunakukaribisha na kukushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Risala nyingi huanza na maombi na kumalizia na maombi. Nasi tunayo, utayasikia. Ila kwa ruhusa yako tunaomba kwanza tujiseme wenyewe, maana tulikaa muda mrefu tukiamini kwamba mzazi akishalipa na kununua sare, kazi iliyobaki ni ya mwalimu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuliamshwa na tarakimu ya saba. Mwalimu wa darasa la pili alimwita mmoja wetu akamfungulia daftari la hesabu la mwanawe. Kazi za nyumbani zote zilikuwa sahihi, na kila saba imekatwa kistari katikati, kwa mkono uliokomaa. Saba za darasani hazikuwa na kistari, na nusu ya hesabu zake zimekosewa. Mwalimu hakugomba. Aliuliza tu: "Na huyu wa nyumbani, yuko darasa la ngapi?" Habari hiyo ilipotufikia kikaoni tulicheka sana, ingawa wengi tulicheka huku tumeinamisha macho.

Tangu siku hiyo tumekubaliana penseli ibaki mkononi mwa mtoto. Mzazi akae jirani, aulize "hapo umepataje?", na jibu likikosewa liende shule vivyo hivyo. Likifutwa nyumbani, mwalimu anaingia mada inayofuata akidhani mtoto yuko naye.

Baadhi yetu hatukusoma sana, na tulikuwa tunaona haya kukaa na mtoto mwenye kitabu. Kumbe kusema "hebu nisomee" hakuhitaji cheti. Mtoto anasoma, sisi tunasikiliza na kudadisi: kwa nini alikimbia? Wewe ungefanyaje? Tunaongea naye kwa lugha ambayo mzazi anaimudu vizuri, hata kama siyo ya darasani, kwa kuwa maana aliyoielewa kwa lugha ya nyumbani haanzi kuitafuta upya shuleni. Dakika 10 kila jioni zinatosha, na usiku mwingine, tukiri, hata hizo hazipatikani.

Usingizi ndio uliotushinda zaidi. Wataalamu wanashauri mtoto wa miaka 3 hadi 5 apate saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo, na wa miaka 6 hadi 12 apate saa 9 hadi 12. Tukapiga hesabu: mtoto wa darasa la kwanza anayeamshwa saa 11 alfajiri anatakiwa awe amelala saa 2 usiku, tena hiyo ni kwa kiwango cha chini kabisa. Saa 2 ndipo televisheni inapopamba moto majumbani mwetu! Asubuhi akisinzia, tunamwita mvivu.

Kuchelewa nako tulikuona jambo dogo. Dakika 15 kila siku, kwa siku 5, ni dakika 75; kwa wiki 10 ni saa 12 na nusu, na asubuhi ndipo watoto wetu wanapofundishwa kusoma.

Sasa maombi yetu. La kwanza ni kwa walimu. Mtoto akileta ripoti, swali letu la kwanza ni "amekuwa wa ngapi?" Mtoto ambaye muhula uliopita hakuweza kuunganisha silabi, muhula huu anasoma sentensi nzima, anaweza kubaki wa 30 vilevile kwa sababu wenzake nao wamesogea. Tunaomba ripoti iwe na mistari miwili ya maneno: sasa anaweza nini, na nyumbani tumsaidie wapi. La pili, vikao vya wazazi vipangwe mara mojamoja siku ya mapumziko, ili anayeishi kwa kibarua naye afike.

La tatu tunalileta kwako, Ndugu Mgeni Rasmi. Tunaye mtoto aliyeitwa mtukutu mwaka mzima kwa sababu hakuwa akinakili kazi za ubaoni. Alipohamishiwa dawati la mbele akaanza kunakili. Kumbe alikuwa haoni, na hakusema kwa kuwa alidhani wote wanaona hivyo. Tunaomba utusaidie kumpata mtaalamu wa kupima macho na masikio ya kila mtoto anayeanza shule, pamoja na vitabu vichache vya hadithi ambavyo watoto wataruhusiwa kuazima na kwenda navyo nyumbani. Kabati la kuvitunza tumeshalichangia, liko tayari ofisini kwa Mwalimu Mkuu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.