Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Kindu inaomba tarehe ya treni

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Alunguli, sehemu ya Kindu iliyo ng'ambo ya mashariki ya mto Lualaba, hapa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukisimama hapa ukingoni unauona mji wenyewe upande wa pili, lakini daraja la kukufikisha huko hakuna. Kazi yangu ni kununua mpunga vijijini na kuuza. Nimeirithi kwa mama.

Mwaka jana nilikusanya magunia 22. Niliyavusha kwa mtumbwi, manne manne, huku mwanangu akichota kwa bakuli maji yaliyoingia. Stesheni tukaambiwa treni ya kwenda kusini iko njiani. Ikapita wiki ya kwanza, ikapita ya tatu, mvua zikaanza na paa likavuja juu ya turubai yetu. Wiki ya sita nilifungua gunia la chini kabisa, nikaingiza mkono. Mpunga ulikuwa na joto kama uji uliotoka jikoni, na punje zimetoa vichipukizi vyeupe. Magunia 9 niliyatupa. Karani wa pale simlaumu. Naye habari za treni alizipata kwa abiria, kama sisi.

Wakulima wangu walikuwa wamenipa ule mpunga kwa mkopo. Msimu uliofuata nilipopita kwao, walikuwa wamefyeka msitu nusu ya kawaida. Mmoja, mzee ninayemwita baba mdogo, aliniambia: "Mwanangu, tumelima wa kula." Hapo ndipo uchumi wa mkoa wetu wa Maniema unapokufia, Mheshimiwa. Ardhi tunayo, na mpunga tunaujua tangu karne ya 19, ulipoletwa na misafara ya wafanyabiashara wa pwani pamoja na lugha hii ninayokuandikia. Lakini nani atavunja mgongo wake kwa ajili ya treni isiyojulikana siku yake?

Njia zetu unazijua. Reli ya kusini kwenda Kongolo, kilomita 355, imetimiza miaka zaidi ya 100, na tangu mwaka 1956 imeunganishwa na ile ya Katanga, kwa hiyo gunia likipakiwa Kindu linaweza kushushwa Lubumbashi. Kaskazini tuna mto mpaka Ubundu, kisha reli ya kilomita 125 inayozunguka maporomoko ya Boyoma mpaka Kisangani. Barabara za msituni sizitaji sana. Wakati wa mvua lori hukwama mpaka dereva akapanda mihogo, ndivyo tunavyosema huku.

Basi tukazoea ndege. Sabuni, unga, daftari za watoto, vingi vilitujia kwa ndege kutoka Goma. Goma ilipotekwa Januari 2025 na uwanja wake kufungwa, tuliona sokoni jinsi mji unavyobaki ukiegemea mguu mmoja. Na ndege, hata zikiruka, haziwezi kubeba mpunga wa mkulima kwa bei ambayo mlaji ataimudu.

Najua kukarabati reli nzima ni fedha nyingi na ni miaka. Sitaki kukudai leo kitu ambacho utanijibu kwa ahadi. Ninachoomba hakihitaji hata taruma moja jipya la kulazia reli. Treni ikiondoka Lubumbashi au Kalemie kuja kwetu, siku hiyo hiyo stesheni ya Kindu ijulishwe. Ikiharibika au ikianguka njiani, tujulishwe pia, tena bila aibu, kwa sababu habari mbaya ya mapema ingeniokolea magunia 9. Tangazo libandikwe ukutani, lisomwe redioni kwa Kiswahili, miji ya Kibombo na Kasongo nako walisikie. Boti za Ubundu zifanyiwe hivyo hivyo. Hata ikiwa ni treni moja kwa miezi miwili, tukiijua tutavuna, tutakausha na kuvusha kwa kuihesabia. Na ghala la stesheni liezekwe. Mabati ya kutosha paa lile hayawezi kuishinda Serikali.

Mavuno yanakaribia. Baba mdogo ameniuliza mara mbili kama achukue vibarua wa kumsaidia au avune na wajukuu peke yao. Nimemwomba anisubirie jibu lako.

Wako kwa heshima,
Mnunuzi wa mpunga, Alunguli, Kindu