Victoria Wood hakuwa mwimbaji wa nyimbo za kuchekesha tu

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wachekeshaji wa Uingereza nimeisoma mara mbili. Wanaume wamepewa aya nzima nzima. Victoria Wood kapata nusu sentensi: eti aliimba nyimbo za kuchekesha huku akipiga piano. Naomba nafasi nimtetee, kwa sababu naishi Manchester, nimefanya kazi ya kantini miaka mingi, na sijaona mtu aliyeiandika kazi yetu vizuri kumshinda.

Piano ilikuwepo, sikatai. Ndiyo iliyomfikisha kwenye televisheni mwaka 1974, katika shindano la vipaji la New Faces. Lakini mwaka 1993 alisimama peke yake jukwaani usiku 15 katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, ambao huchukua watu wapatao 5,000. Watu hawakufuata piano kule. Walifuata maneno yake.

Sasa tuje kwenye dinnerladies, ambayo makala yenu haikuitaja kabisa. Tamthilia hii ya vichekesho ilioneshwa BBC kuanzia Novemba 1998 hadi Januari 2000, sehemu 16 tu, zote ameziandika mwenyewe. Karibu yote inatokea ndani ya kantini ya kiwanda hapa Manchester: wanawake wanakata mkate, wanapanga vikombe, wanabishana kuhusu zamu, na katikati ya maneno ya kawaida kabisa linachomoza jambo zito. Mmoja mama yake mgonjwa, mwingine ndoa imemvunjikia. Ndivyo ilivyo jikoni. Habari ya msiba huletwa huku mtu anafuta meza.

Kila sehemu ilirekodiwa mara mbili mbele ya watazamaji, Ijumaa na Jumamosi. Kati ya siku hizo mbili Wood alirudi kwenye maandishi, akakata palipolegea, akaandika upya, na waigizaji wakalazimika kukariri maneno mapya kwa saa chache. Huo ni ufundi wa mwandishi, na ndio niliotarajia makala yenu iueleze.

Na tazama alivyogawa maneno. Yeye mwenyewe aliigiza Bren, mwanamke mpole asiyejikweza, kisha vichekesho vikali akawapa wenzake. Anne Reid na Thelma Barlow walikuwa wamepita miaka 60, umri ambao televisheni huwapa wanawake nafasi ya kupita na sinia ya chai tu. Julie Walters aliigiza mama yake Bren, ingawa alimzidi Wood miaka mitatu tu!

Lugha yao ni ya huku kaskazini. Mtu wa Mombasa akifungua kinywa, utamjua kabla hajasema anatoka wapi. Wood aliwaandika watu wa Lancashire hivyo hivyo. Mimi niliyejifunza Kiingereza darasani, nilianza kuwaelewa wenzangu wa zamu kwa kumsikiliza yeye.

Mwaka 2007 alipata tuzo ya BAFTA, tuzo kubwa ya filamu na televisheni ya Uingereza, ya mwigizaji bora wa kike kwa Housewife, 49, filamu ya televisheni aliyoiandika mwenyewe kuhusu mama wa nyumbani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hilo nalo halikutajwa.

Alifariki Aprili 2016, akiwa na miaka 62. Sanamu yake iko Bury, mji aliokulia, safari fupi kutoka hapa. Mkiamua kumwandikia makala yake, picha nitawapigia mwenyewe.

Mpishi wa kantini,
Manchester, Uingereza