Kabla hujabadilisha kadi ya grafiki ya laptopu yako

Kwako ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia: laptopu inakwama ukihariri video, gemu zinakatakata, na fundi amekwambia kadi ya grafiki inang'oleka na kuwekwa kubwa zaidi. Umeuliza pia kama kadi ya nje, ya kuunganishwa kwa kebo, inawezekana. Usimpe pesa bado.

Kwenye laptopu nyingi sana hakuna kadi ya kung'oa. Kuna chipu iliyolehemewa kwenye mazabodi kwa mamia ya vitone vilivyo chini ya tumbo lake, na chipu za kumbukumbu yake zimelehemewa kandokando. Wapo mafundi wenye mashine ya kuibandua kwa joto, lakini kazi hiyo hufaa kubadilisha chipu iliyokufa kwa nyingine ya aina ileile. Chipu kubwa zaidi huwa na mpangilio tofauti wa vitone, hudai umeme ambao saketi ya pembeni haikuandaliwa kuutoa, na BIOS ya mashine, yaani programu ya ndani inayoiwasha, haiitambui. Mwisho wake ni skrini nyeusi.

Zipo mashine chache zinazokubali kubadilishwa kweli. Baadhi ya Dell Precision na HP ZBook za miaka ya 2010 zilitumia kadi za MXM, ambazo huchomekwa kwenye nafasi yake na kufungwa kwa skrubu: saizi A ni milimita 82 kwa 70, saizi B ni 82 kwa 105. Hata hapo, kuingia kwenye nafasi hakutoshi. Matundu ya skrubu yanaweza kupishana na bamba la kupoza, feni zikakosa kuongozwa, au mashine ikakataa kuwaka kwa sababu programu iliyo ndani ya kadi iliandikwa kwa ajili ya mtengenezaji mwingine. Atakayekuuzia kadi ya MXM akuoneshe kwanza modeli ileile ya laptopu ikiwaka nayo. Framework Laptop 16 nayo ina moduli ya grafiki inayotoka kwa nyuma, na hiyo ilibuniwa tangu mwanzo ibadilishwe na mwenyewe.

Kama yako haimo humo, anza kwa kujua ulicho nacho. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua sehemu ya utendaji, uangalie zimeorodheshwa GPU (chipu za grafiki) ngapi. Ukiiona moja tu ya Intel, au Radeon iliyomo ndani ya prosesa, hiyo haina kumbukumbu yake na inakopa RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta nzima. Hapa watu wengi hudanganyika: Windows huonesha kumbukumbu ya kushirikiana, kwa kawaida nusu ya RAM yote, na muuzaji huisoma kana kwamba ni ya kadi. Kumbukumbu ya kadi yenyewe huandikwa kwenye mstari wake pekee.

Kwa grafiki ya aina hiyo, dawa kubwa ni RAM, na siyo ukubwa tu bali njia pia. Kijiti kimoja cha RAM ya aina ya DDR4 cha kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja hupitisha 51.2. Grafiki inayoishi kwa RAM huiona tofauti hiyo mara moja kwenye gemu. Kuna dalili moja nzuri ya kuitambua shida: prosesa za Intel za kizazi cha 11 zenye grafiki ya Iris Xe, zikiwa na kijiti kimoja tu, hujitambulisha kama UHD Graphics. Ukiongeza cha pili, jina la Iris Xe linarudi na nguvu yake pia. Kabla hujanunua, hakikisha nafasi ya pili ipo, maana nyingine zina RAM iliyolehemewa yote. DDR4 na DDR5 hazibadilishani nafasi. Mkato wa kijiti hauko mahali pamoja.

Ukiona GPU mbili, basi unayo ya kujitegemea, na swali linakuwa wati. Jina la kadi halikwambii nguvu yake. RTX 4060 ya laptopu, kadi ya NVIDIA, inaweza kupewa wati 35 na mtengenezaji mmoja, na 115 na mwingine, zote zikibeba jina lilelile kwenye boksi. RTX 4090 ya laptopu ina gigabaiti 16, ya kompyuta ya mezani ina 24, na chipu zenyewe si moja. Kwa kadi ya NVIDIA, fungua dirisha la amri uandike nvidia-smi. Utaona wati zinazotumika na, kwenye mashine nyingi, kikomo chake. Fanya hivyo gemu ikiwa inaendelea na chaja ya asili imechomekwa. Mashine iliyokuja na adapta ya wati 180, ukiichomekea chaja ya USB-C ya wati 65, huibana kadi ili isizime. Kwa betri peke yake ni vivyo hivyo.

Sasa joto, ambalo ndilo linaloua kasi kuliko kitu kingine. Chipu ikikaribia nyuzi 90 hujipunguza yenyewe, na dalili yake ni gemu inayoanza vizuri kisha baada ya dakika kumi inazama. Zima mashine, toa chaja, fungua mfuniko wa chini, na kabla ya lolote chomoa waya wa betri. Vumbi halikai kwenye mapanga ya feni tu. Hujisokota kuwa blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, na kupuliza kutoka nje huligandamiza zaidi. Shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza, kisha toa blanketi hilo kwa mkono.

Ukiondoa bamba la kupoza, legeza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizochapwa kando yake, kutoka ya mwisho kwenda ya kwanza, na ukirudisha fuata namba 1, 2, 3. Safisha pesti ya zamani ya kupitisha joto, iliyo kati ya chipu na bamba, kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi. Pedi laini zilizo juu ya chipu za kumbukumbu ndizo huharibu kazi za wengi: ukiweka ya milimita 1.5 palipokuwa na 1, bamba linainuka na GPU yenyewe haiguswi vizuri. Ukiweka nyembamba mno, kumbukumbu inaungua kimyakimya. Pima kabla ya kutupa. Metali ya majimaji, ambayo wengine huitumia badala ya pesti, usiiguse: hupitisha umeme, na galiamu iliyomo hula alumini.

Kisha ihakikishie programu yako kadi sahihi. Kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini, ingia kwenye grafiki, chagua programu, uipe utendaji wa juu. Nimeona hili peke yake likitatua malalamiko mengi.

Kuhusu kadi ya nje uliyoiuliza: inawezekana kama una Thunderbolt 3 au 4, tundu la kasi kubwa lenye umbo la USB-C. Umbo la USB-C halithibitishi chochote. Tafuta alama ya radi karibu na tundu, au soma karatasi ya modeli. Thunderbolt hizo hupitisha gigabiti 40 kwa sekunde, na kadi huishia kupata njia nne za PCIe (njia za data kati ya kadi na kompyuta) badala ya hadi 16 inazoweza kupata kwenye kompyuta ya mezani. Ukitumia skrini ya laptopu, picha hurudi kwa kebo ileile na kula nafasi hiyo, kwa hiyo iunganishe skrini ya nje moja kwa moja kwenye kadi. Mac zenye chipu za M hazikubali kadi hizi. Jumlisha boksi, kadi na skrini kabla hujaamua. Mara nyingi jumla inakaribia kompyuta nzima ya mezani, na mimi ningechukua ya mezani.

Ukimaliza joto, RAM na mipangilio, na bado kumbukumbu ya kadi inajaa pomoni unapohariri, hapo ni kubadili mashine, na usishuke chini ya gigabaiti 8 za kadi.

Niandikie modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini, idadi ya GPU ulizoziona, na nyuzi za joto baada ya nusu saa ya kazi. Nikishazipata nitakwambia wapi pa kuweka pesa yako.

Ndugu yako,
Idrisa