Mgahawa wa Kikantoni upimwe kwa samaki wa mvuke, sio kwa abaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nami niseme kidogo kuhusu hii migahawa ya kifahari ya Kikantoni, ile ya Guangzhou na Hong Kong kule China, manake kuna msomaji mwenzetu aliandika humu humu akasema kule mtu analipia taa na mazulia tu, chakula hakina viungo, kuku analetwa hajaiva, na bili ikija unatamani ardhi ipasuke. Kwenye bili namuunga mkono, inaweza kukushtua kweli, na nitaieleza huko chini. Lakini kwenye chakula hapana, hajawatendea haki wale wapishi, na wapo wasomaji wenye safari watakaomuamini halafu watarudi nyumbani bila kuonja kitu.

Watu wetu wanaopanda ndege kwenda Guangzhou ni wengi sana sasa hivi, wapo wanaofuata yale maonyesho ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou) ambayo yamekuwepo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na wapo wanaofuata mzigo miezi yote bila kujali maonyesho. Ratiba zao tunazijua, asubuhi sokoni, mchana kiwandani, usiku kufunga mabegi, chakula ni kuku na chipsi za chapchap au tambi za kumwagia maji ya moto chumbani, basi mtu anarudi anakwambia chakula cha Wachina nakijua, hakipandi. Hukijui bana! Ulikuwa kwenye mji ambao Wachina wenyewe wa mikoa mingine wanausifia kwa kula, na wewe ukala chipsi.

Kitu ambacho naona hakijaeleweka ni kwamba jiko la Kikantoni halijajengwa kwenye viungo. Wale watu wako kwenye delta ya Mto Pearl, mito huku, bahari kule, mashamba katikati, samaki anafika jikoni akiwa hai na mboga zimetoka shambani asubuhi, kwahiyo mpishi wao kazi yake kubwa ni kutokukiharibu alicholetewa. Ukitaka pilipili ya kukutoa machozi nenda mkoa wa Sichuan, ndo kwao. Huku ukikuta sahani ina ladha chache usidhani wamesahau, wameacha makusudi, na ndo maana mgahawa mbovu wa Kikantoni unajulikana haraka kuliko mgahawa mbovu wa aina nyingine, hamna masala ya kuficha samaki wa juzi.

Chukua huyo samaki wa mvuke, mara nyingi chewa. Kwenye mgahawa mkubwa mhudumu anakuja nae mezani akiwa kwenye wavu au ndoo, yuko hai, mkia unapiga, anakutajia uzito na bei, ukikubali anarudi nae jikoni. Kinachofuata ni dakika chache tu, samaki wa nusu kilo na ushee anakaa kwenye mvuke mkali dakika nane hivi, akitoka yale maji yaliyojikusanya kwenye sahani yanamwagwa manake shombo yote iko humo, juu yake wanatandaza tangawizi na vitunguu majani vilivyochanwa vyembamba sana, wanapitisha mafuta yaliyochemka mpaka vile vitunguu vinalia chaaa, halafu sosi ya soya yenye sukari kidogo inamwagwa pembeni, sio juu, ili ngozi isichafuke. Imeisha hiyo. Sasa ukianza kula angalia pale nyama inapokutana na mfupa wa mgongo. Kama nyama inaachia kwa kusukumwa kidogo na kijiti na ile iliyogusana na mfupa kabisa bado inang'aa kidogo, basi mpishi amemtoa kwenye sekunde yake. Ikiwa imekauka na inavunjika vunjika amechelewa, na ikiwa imeng'ang'ania amewahi. Mi nikiingia mgahawa nisioujua naagiza huyo kwanza, kabla ya kitu chochote chenye jina kubwa. Upande wa juu ukiisha msimgeuze, mhudumu atakuja kuutoa mfupa, wavuvi wa kule wanaamini kumgeuza samaki mezani ni kupindua chombo baharini na wenyeji wengi bado wanaliheshimu hilo hata wakiwa ghorofa ya juu kabisa ndani ya suti.

Na yule kuku jamani. Msomaji mwenzetu aliona wekundu kwenye mfupa akasema mbichi. Yule anazamishwa kwenye maji ya moto ambayo hayatokoti, anatolewa, anarudishwa, mpaka aive taratibu, halafu anatumbukizwa kwenye maji ya barafu ngozi ikaze, ndo unapata ule utelezi mzuri kati ya ngozi na nyama. Nyama imeiva, wekundu unaouona ni uboho ndani ya mfupa, na wenyewe ndo wanavyomtaka, akikaa zaidi ya hapo wanasema ameharibiwa. Anakuja na kibakuli cha tangawizi na vitunguu majani kwenye mafuta yenye chumvi, chovya humo. Kwa Wakantoni karamu isiyo na kuku haijawa karamu, kwahiyo mwenyeji wako akikuwekea mapaja kwenye bakuli lako ujue amekuheshimu.

Kwa mwenye bajeti ya kubana, nenda mchana. Hili nalisema kwa nguvu zote. Migahawa mingi ile ile ambayo usiku ni bei mbaya, mchana inauza dim sum, vile vitafunwa vidogo vidogo vya Kikantoni, na unakula vizuri kwa sehemu tu ya hela ya usiku, jiko ni lile lile, wahudumu wale wale. Hapo agiza har gow, vile vifurushi vya kamba vilivyofungwa kwenye ganda jembamba, manake ndo mtihani wa fundi. Ganda lake ni wanga wa ngano uliokandwa na maji yanayochemka, linabanwa kwa ubapa wa kisu mpaka linakuwa jembamba, linakunjwa mikunjo mingi upande mmoja, likitoka kwenye mvuke unatakiwa uone wekundu wa kamba ndani yake, na ukilinyanyua kwa vijiti lisigande chini wala lisichanike, ukiling'ata kamba akatike kwa mlio. Kwenye sehemu nzuri wanakuandalia ukishaagiza, hayakai yanazunguka kwenye toroli yakinyauka.

Chai ndo inaulizwa kabla ya chakula chochote, pu'er, tieguanyin, maua ya chrysanthemum, chagua tu usiogope. Mwenzako akikumiminia gonga meza kidogo na vidole viwili, ni asante hiyo, kuna hadithi kwamba Qianlong, mfalme wa China ya zamani, alikuwa anatembea kwa kujificha akamimina chai mwenyewe na mtumishi wake hakuweza kupiga magoti hadharani, akaviinamisha vidole. Birika likiisha maji unaacha kifuniko kimekaa upande, watakuja bila kuitwa.

Sasa kuhusu hela zinakokwenda. Bili za kutisha zinatokana na vitu vikavu vya baharini: abaloni (aina ya konokono wa baharini), mabondo ya samaki (vile vifuko vya hewa vya ndani ya samaki), jongoo bahari, na mapezi ya papa. Ukipita mtaa wa Des Voeux Road West kule Sheung Wan, Hong Kong, utaviona vimepangwa kwenye maduka mlango kwa mlango, harufu ya bahari iko mpaka barabarani. Abaloni kavu zinapimwa kwa idadi inayoingia kwenye kati moja, kipimo chao cha gramu 605 hivi, zikiingia chache maana yake kila moja ni kubwa, na bei inapaa vibaya sana. Kupika kwake ni kazi ya siku kadhaa, kuloweka, halafu kuchemsha taratibu kwa masaa mengi na kuku mzee, mbavu za nguruwe na paja la nguruwe lililotiwa chumvi na kukaushwa, lile la mji wa Jinhua. Mgahawa wa Forum wa Hong Kong, aliouanzisha Yeung Koon-yat mwaka 1977, ulijulikana dunia nzima kwa abaloni tu. Siwezi kusema ni upuuzi, ule ni ufundi mkubwa, lakini mtu anayeanza hana haja nayo. Vile vitu vyenyewe vina ladha ndogo, ladha ni ya mchuzi viliounyonya, na sehemu kubwa ya unacholipia ni uadimu na heshima ya mwenyeji mbele ya mgeni.

Na kwenye mabondo nina la moyoni. Kuna mabondo mengi yanayoliwa kule yanayotoka kwa sangara wa Ziwa Victoria, hii hapa Tanzania, Uganda na Kenya, na jongoo bahari nao wamekuwa wakienda kutoka pwani yetu miaka na miaka. Siku nilipowekewa bakuli la mabondo mbele yangu, laini, meupe, kwenye mchuzi wa dhahabu uliokolea, mwenyeji akanieleza kwa fahari kwamba ni kitu cha kumpa mama aliyetoka kujifungua na mzee anayetaka nguvu, mi nilikuwa nawaza wavuvi wetu ambao wanalitoa bondo kwenye samaki na hawajawahi kuambiwa linaishia kwenye meza ya namna gani. Nilitamani sana waandishi wako, Mhariri, waifuate hiyo safari ya bondo kutoka mwaloni mpaka mezani, ni habari kubwa kabisa.

Mapezi ya papa siagizi na nawaomba wasomaji wasiagize. Serikali ya Hong Kong yenyewe iliacha kuyaweka kwenye hafla zake mwaka 2013 na mwaka huo huo China ikayaondoa kwenye karamu za serikali, kwahiyo ukimwambia mwenyeji hutaki hashangai, siku hizi hata vijana wao wengi hawataki.

Tukiacha hayo, wanaodhani ufahari wa Kikantoni ni mapambo tu wakumbuke kwamba Michelin, wale Wafaransa wanaopima migahawa kwa nyota, walipotoa kitabu chao cha kwanza cha Hong Kong na Macau, mwishoni mwa 2008, mgahawa wa kwanza wa Kichina kupata nyota tatu ulikuwa wa Kikantoni, Lung King Heen ndani ya hoteli ya Four Seasons, na mpishi wake Chan Yan-tak alikuwa ameshastaafu akaombwa arudi jikoni. Guangzhou nayo ikapata kitabu chake 2018. Nyota mimi sizifuati sana, kuna sehemu nimekula vizuri mno ambazo hazina hata moja, ila zinaonyesha kwamba hata wageni wameona kuna kazi pale.

Haya bili. Ukikaa tu mezani kuna malipo ya chai kwa kila kichwa. Vile vikaranga au achari vinavyowekwa kabla hujaagiza mara nyingi navyo vinalipiwa, kama huvitaki sema virudishwe mapema. Hong Kong wanaongeza asilimia 10 ya huduma. Na viumbe hai wa kwenye tangi kwenye menyu mara nyingi hawana bei kamili, wanauzwa kwa uzito na bei inabadilika kila siku, hapo ndo watu wanaumia, kwasababu kipimo cha Hong Kong ni hicho cha gramu 605 kasoro kidogo wakati cha Guangzhou ni gramu 500 kamili, na wengine Hong Kong wanaandika bei ya kipimo kidogo zaidi, sehemu moja ya kumi na sita ya hicho chao, wewe unaona namba ndogo unafurahi. Uliza samaki huyu, huyu hapa, mzima mzima ni hela ngapi, kabla hajaingia jikoni. Sio aibu, wenyeji wenyewe wanauliza.

Ndugu zangu Waislamu nao waambiwe ukweli, kuuliza tu kama sahani ina nyama ya nguruwe haitoshi. Jiko hili linatumia nguruwe mno, sio char siu (nguruwe wa kuchoma) na siu mai (vifurushi vya nyama ya nguruwe) peke yake, hata ule mchuzi mkuu unaotiwa kwenye mboga na supu mara nyingi una lile paja la Jinhua, na ndani ya har gow wengi wanaweka mafuta ya nguruwe ili kamba asikauke. Samaki wa mvuke peke yake hatakutoa kwenye shaka kama vyombo ni hivyo hivyo. Kwa anayetaka dim sum ya halali bila wasiwasi, Hong Kong kuna kantini ndani ya jengo la msikiti wa Ammar, Wan Chai, haina taa wala mazulia ila foleni yake inajieleza. Guangzhou migahawa ya halali ipo mingi, ila mingi ni ya tambi na nyama za watu wa kaskazini magharibi, Kikantoni cha kifahari kilicho halali ni cha kutafuta kwa tochi, bora mwenyeji wako aulizie mapema.

Ningeshukuru sana kama ukurasa wenu wa safari ungeyachapa hayo ya uzito, chai na halali kabla ya maonyesho yajayo, yakae hata kwenye kiboksi kidogo tu, watu wakate na kuondoka nacho. Na kwa watakaokuwa wawili wawili, msikubali kuuziwa chewa wa kilo na nusu, wa gramu 600 anawatosha, na mboga moja ya majani pamoja na wali.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Mfanyabiashara, Mwanza