Yeye Umpendaye Hawezi: Barua kwa Wanaowatazama Wagonjwa

Wanangu wapendwa wa kikundi cha kuwatazama wagonjwa hapa Unguja, pamoja na wenzenu mlioianza kazi hiyohiyo Weti, Pemba,

Bwana Yesu asifiwe.

Nimeiacha barua hii wazi ili asomaye amsomee na mwingine, kwa kuwa wagonjwa walioko majumbani ni wengi kuliko wale mnaowafikia siku ya Jumatano. Ninaiandika nikiwa katika mwaka wa tatu wa saratani ya titi, na baadhi yenu niliwafundisha darasa la kipaimara mkiwa wadogo, kwa hiyo mtanivumilia nikianza na neno moja la Kiswahili kabla ya kufika kwenye shauri lenyewe.

Kwetu hapa mtu akiugua husema "siwezi". Jirani akipiga hodi na kuuliza habari za mwenye nyumba, huambiwa "hawezi tangu juzi", na mgonjwa akipata nafuu husemwa "sasa hajambo". Mgeni kutoka bara hushangaa mara ya kwanza, akauliza ni kitu gani asichokiweza mtu huyo. Hawezi tu. Hawezi kupika, hawezi kupanda ngazi, hawezi kulala, na siku nyingine hata kuomba hawezi. Neno hilo niliishi nalo tangu utotoni bila kulifikiri, mpaka lilipokuwa langu.

Nalo limo ndani ya Biblia yetu. Lazaro alipougua kule Bethania, dada zake walimpelekea Yesu ujumbe mfupi kuliko wowote mtakaousikia katika mikesha yenu: "Bwana, yeye umpendaye hawezi." Basi. Hawakumwambia la kufanya, hawakumkumbusha imani yao, hawakuahidi sadaka. Waliyaweka maneno mawili mahali pamoja, kupendwa na kutoweza, wakaliacha jambo mikononi mwake. Nami nawaambia, wanangu, kwamba katika miaka hii mitatu sijapata sala inayonitosha kuliko hiyo. Usiku ambao dawa zimenichosha hata siwezi kuyapanga mawazo, husema tu, "Bwana, yule umpendaye hawezi," nikanyamaza. Na msisahau yaliyofuata. Yesu alipopata habari alikaa siku mbili zaidi palepale alipokuwapo, kisha alipofika na kuona watu wanalia, naye alilia machozi. Anayeumwa anazijua sana siku mbili hizo, na kwa baadhi yetu zimekuwa ndefu mno.

Ninayaandika haya kwa sababu kumeingia kwetu desturi ya kumkataza mgonjwa kulitamka neno hili. Akisema "siwezi", anaambiwa asikiri udhaifu. Akisema ana uvimbe, anaambiwa aseme alikuwa nao. Mimi mwenyewe yalinipata. Nilikuwa nimekwisha kukatwa kinyama cha kupima na majibu yametoka, na nimefungwa dripu mara mbili kati ya sita nilizopangiwa, alipokuja mhubiri mmoja mgeni, ambaye simtaji na wala sina kinyongo naye tena. Alinisimamisha mbele ya watu, akaniwekea mikono, akaniuliza kwa sauti kuu kama ninaamini kuwa nimepona. Niseme nini? Nilikuwa nimevaa kitambaa kichwani kwa kuwa nywele zilikuwa zimeng'oka, na kanisa zima lilikuwa limenikodolea macho kwa upendo, likisubiri. Nikasema ninaamini. Aliponiambia kwamba kurudi hospitali baada ya maneno hayo ni kumfanya Mungu mwongo, nikakaa nyumbani majuma tisa. Uvimbe haukutulia, ulizidi kukua. Nilipovuka tena kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, daktari aliupima kwa vidole akanyamaza kidogo kabla ya kusema, na kimya chake nilikielewa kabla ya maneno.

Kilichoniumiza kuliko uvimbe ni kwamba katika majuma yale tisa sikuwa na mtu wa kumwambia ukweli. Maumivu yalipozidi niliona haya, kana kwamba nimeiba. Nilikuwa nimetoa ushuhuda. Ningewezaje kusema siwezi? Niliacha hata kumwambia Mungu. Hapo ndipo imani yangu ilipokaribia kuzimika kabisa, wala si siku niliyopewa majibu.

Kama kuna mtu anayeamini kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani, na akumbuke jinsi Injili ilivyotufikia Unguja. Askofu wa kwanza wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa ya malaria mwaka 1862, kwenye makutano ya mito Ruo na Shire, kusini mwa Malawi ya leo. Mtumbwi wao ulikuwa umepinduka, na dawa yao ya kwinini ikapotea majini. Aliyemfuata, Askofu Tozer, aliihamishia misheni hapa Unguja mwaka 1864, akifuatana na Edward Steere, yule ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa na ambaye kaburi lake liko nyuma ya altare. Sijapata kusikia Mkristo yeyote akisema kwamba Mackenzie aliugua kwa sababu hakuamini, au kwamba laiti angeamini zaidi asingeihitaji ile kwinini. Nao waliobaki walijifunza: misheni hiyohiyo ilijenga hospitali palepale Mkunazini, kando ya kanisa, na aliyetoka kusali na aliyekwenda kutibiwa walipishana njia moja. Ninapokwenda hospitali ya Mnazi Mmoja asubuhi na mapema huwa nayakumbuka hayo, na mwendo wangu unakuwa mwepesi.

Mtume Paulo, ambaye Mungu aliponya wengi kwa mikono yake, aliandika kwa maneno machache bila kujitetea: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Neno letu tena. Hakusema Trofimo ana dhambi iliyofichika, wala hakuona kuwa utume wake umeaibishwa. Alimwacha mwenzake mgonjwa, wala hakumlaumu kwa neno hata moja. Na katika safari zake alikuwa na Luka, aliyemwita tabibu mpendwa. Ninajua kuwa mnazijua aya hizi. Ninachowaomba ni kuzisoma kitandani pa mgonjwa, maana zile za kuponywa huwa amekwisha kusomewa na kila mtu.

Msinielewe vibaya. Ninaamini kwamba Mungu huponya, na kila siku namwomba aniponye, waziwazi, kama mtoto amwombavyo baba. Yakobo anauliza, "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi?" kisha anaagiza wazee wa kanisa waitwe, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Mimi nimepakwa. Padri alikuja jioni nyumbani, umeme umekatika, tukawasha taa ya chemli ya marehemu mama yangu. Alichovya kidole gumba kwenye kichupa kidogo, akanichora msalaba kwenye kipaji cha uso, na tone moja la mafuta likanitiririka kwenye nyusi hadi pembe ya jicho. Aliliona, akalifuta kwa ncha ya kanzu yake, polepole, kama mtu amfutaye mtoto, bila kuikatiza sala. Uvimbe ulikuwapo kesho yake kama jana. Lakini usiku ule nililala, na tangu usiku ule sijaogopa kwa namna ile niliyokuwa nikiogopa. Kama mtaniuliza kutegemea imani ni nini kwa mtu anayeumwa, nitawaonyesha lile tone.

Angalieni pia kwamba ni mgonjwa anayewaita wazee. Wao hawamwiti jukwaani.

Sasa nije kwenu na kazi yenu. Bwana wetu aliposema juu ya siku ya hukumu alisema, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Hakusema mkaniponya. Kuponya hakukuwekwa juu ya mabega yenu, na mtakapoutua mzigo huo mtaona jinsi mikono yenu itakavyokuwa myepesi kwa kazi iliyobaki, ambayo ni kubwa. Siku moja wakati wa upepo wa kusi nilivuka na boti, bahari imechafuka, na mimi natoka kwenye mionzi. Dada mmoja wa kikundi chenu alinishikia beseni njia nzima, karibu saa mbili, akilimwaga na kulisuuza, naye mwenyewe bahari inamsumbua. Hakuniombea kwa sauti hata mara moja. Tulipofika bandarini Malindi akaniuliza, "Bibi, tukae kidogo au twende?" Nimewahi kuhubiriwa na maaskofu, na sikumbuki hubiri lililonishika kama swali lile.

Na jifunzeni kwa majirani zetu. Mama wa nyumba ya pili, Mwislamu, tuliyechota naye maji bomba moja kwa miaka mingi, huniletea uji wa mchele karibu kila asubuhi, huniambia, "Mwenyezi Mungu akupe shifaa," hukaa kwenye baraza dakika chache, akaenda zake. Hajaniuliza hata siku moja nilikosea nini. Wanafunzi wa Yesu ndio waliouliza, walipomwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, na Bwana akawajibu kwamba si huyu wala si hao. Nawasihi swali hilo lisisikike tena midomoni mwenu, hata kwa mafumbo, hata kwa kusema "tujichunguze". Mgonjwa amekwisha kujichunguza. Anazo saa nyingi za usiku za kufanya kazi hiyo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ni zito kwangu kuliandika. Mnamkumbuka binti wa Weti tuliyekuwa tukifuatana kwenda Dar es Salaam, mwenye watoto wawili. Jina lake siliandiki, kwa kuwa mumewe ameniomba. Aliamini kuliko mimi, na aliiandama dawa kwa uaminifu bila kuruka siku, na alikufa. Baada ya maziko mmoja wenu aliniuliza kwa sauti ya chini, na kwa uchungu wa kweli, tuwaambie nini wagonjwa wengine sasa. Nilishindwa kumjibu siku ile, kwa hiyo najibu hapa. Waambieni amekufa. Waambieni kwamba alipokuwa hawezi kuyashika maneno, alimwomba mama yake amsomee Zaburi ya ishirini na tatu, na kila mara alimkatiza palepale penye bonde la uvuli wa mauti, akitaka arudie "kwa maana Wewe upo pamoja nami". Hakuomba arudie lile la meza wala la kikombe. Alikuwa ndani ya bonde na alitaka kujua kama yuko peke yake, na ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba hakuwa. Zipo zaburi nyingine pia, kama ile ya themanini na nane, inayoanza kwa kilio na kwisha gizani bila neno la furaha hata moja. Wayahudi waliihifadhi, na Kanisa likaipokea. Mgonjwa akiitaka hiyo, msomeeni hiyo, wala msiharakishe kumpeleka kwenye ile ya shangwe.

Jumatatu ijayo ninavuka tena na boti ya asubuhi kwenda kwenye kipimo. Nitahitaji mtu mmoja wa kunishikia mkoba na beseni, na anayeweza kukaa kimya. Wengine mkibaki, Jumatano mpiteni kwa yule baba wa Kikwajuni aliyepooza upande mmoja, kwa kuwa nimesikia ameacha kutaka wageni tangu alipoambiwa akemee ugonjwa wake na ulimi haukumtii. Bisheni hodi polepole. Akisema hawezi, mwambieni mmesikia, mkae naye.

Mimi mama yenu na mwalimu wenu katika Kristo,
Unguja